Gari Limeshuka Bei, Spea Hazina Habari

Leo tuna gari ambalo wengi wetu tunalijua zaidi kwenye simu kuliko barabarani: Ferrari ya mtumba. Ile mpya inayotoka kiwandani Maranello huku wateja wamepanga foleni ya kuisubiri, tuwaachie wenyewe. Nasema hii ya mkononi, yenye umri wa miaka 20 na ushei, ambayo ukikuta tangazo lake Dubai, London au Florida unaisoma bei mara mbili, kisha unajiambia: kumbe hii naiweza.

Tuchukue moja tuikalie. Ferrari 360 Modena. Iliundwa kuanzia 1999 hadi 2005, injini ya silinda nane, lita 3.6, nguvu za farasi 400, bodi ya aluminiamu. Ilipokuwa mpya Marekani iliuzwa takribani dola 140,000, kabla mteja hajaongeza vikorombwezo vyake. Leo ile yenye gia za kubonyeza nyuma ya usukani inapatikana kwa dola 70,000, 80,000, 90,000, kutegemea hali. Hizo ni pesa za Land Cruiser mpya. Kila mwezi kuna watu Nairobi na Dar es Salaam wanaozilipa na wala hawaandikwi gazetini.

Basi hapo ndipo ndoto inapoanza kumtekenya mtu. Kijana wetu aliyeko Ghuba, amefanya kazi miaka kumi, hana deni, anaiona imeegeshwa nje ya hoteli, nyekundu, chini kabisa, anajiuliza: kwa nini si mimi?

Jibu langu si kwamba haiwezekani. Inawezekana. Ila kwanza uelewe umenunua nini. Aliyenunua Land Cruiser ya dola 90,000 ana gari la dola 90,000, na gharama zake zimekaa kwenye kimo hicho hicho. Aliyenunua 360 kwa bei hiyo ana gari la tabaka jingine kabisa, ambalo miaka imelishusha bei na hakuna kingine kilichoshuka. Mrithi wake wa leo, Ferrari 296 GTB, hupati mpya chini ya dola 300,000. Kiwanda kinachotengeneza spea zako kinamfikiria mteja huyo wa dola 300,000. Fundi aliyesomea magari hayo anatoza kwa saa akimfikiria huyo huyo. Diski ya breki haiulizi wewe ulilinunua gari kwa bei gani.

Ukilishika hilo, mengine yote ni maelezo. Lakini maelezo yenyewe ni matamu, na mengine ni machungu, kwa hiyo tuyaingie.

Tuanze na mkanda wa taimingi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia. Mkanda wa taimingi ni mpira wenye meno unaoziunganisha krenkishafti na kemshafti, ili valvu zifunguke na kujifunga kwa zamu na pistoni zisigongane nazo. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinapanda na kuzikuta valvu zimekaa wazi. Baada ya hapo huna injini, una vyuma. Na mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Mafundi wengi wa Ferrari wanashauri ubadilishwe kila miaka mitatu hivi, hata kama gari halikutoka bandani.

Sasa, fundi wa Grogan pale Nairobi, au wa Gerezani pale Dar, atakucheka: mkanda wa taimingi wa Toyota ni kazi ya asubuhi, mchana umeshapika ugali. Kweli. Na hata kwenye Ferrari za zamani haikuwa balaa. Ferrari 308 ya mwaka 1975, na 328 iliyoifuata, injini zake zililala kwa upana wa gari. Mikanda ilitazama upande wa tairi la nyuma, fundi anafungua tairi, anafungua kifuniko, anaifikia.

Mwaka 1989 ikaja 348, na wahandisi wakaigeuza injini ikae kwa urefu. Kwa mwendo wa gari ni jambo zuri, uzito umekaa chini na katikati. Ila mikanda sasa imetazama mbele, imebanana na ukuta nyuma ya viti. Mkono haupiti. Mwaka 1994 ikaja F355, ambayo kwa macho yangu ndiyo Ferrari ya silinda nane iliyo nzuri kuliko zote, na yenye sauti nzuri kuliko zote, nayo ikarithi mpango ule ule. Kubadilisha mkanda wa mpira kwenye F355 ni lazima ushushe injini.

Na inashushwa kweli. Gari linapandishwa kwenye lifti. Maji yanamwagwa kutoka kwenye rejeta mbili zilizoko ubavuni mbele ya matairi ya nyuma. Mabomba ya mafuta, ya maji na ya kiyoyozi yanafunguliwa moja moja, nyaya zinatenganishwa na kufungiwa vikaratasi ili zijulikane kwao, ekzosi inatolewa. Injini, giaboksi na suspensheni ya nyuma vimefungwa pamoja kwenye fremu yao ndogo. Chini ya fremu hiyo inasukumwa meza yenye magurudumu, bolti kubwa zinalegezwa, halafu mwili wa gari unanyanyuliwa polepole, na injini inabaki mezani, imekaa peke yake, mabomba yake yakining'inia. Ndipo mkanda unaonekana.

Hapo bili haijaanza hata kuchemka. Fundi ameshafika mahali ambapo hatarudi tena kwa miaka mitatu, kwa hiyo anakuita. Njoo uone manifoldi ya ekzosi, hii ina ufa. Njoo uone mabomba ya maji, yamekakamaa. Pampu ya maji inalia kidogo. Na kwa kuwa tumeshafika huku, klachi nayo tusiitazame? Kila anachokuonyesha ni cha kweli, na kila kimoja kingekugharimu mara dufu kukifuata siku nyingine. F355 za mwanzo zina ugonjwa wao wa ziada: miongozo ya valvu (valve guides) iliyotengenezwa kwa shaba nyeusi, ambayo inalika mapema, gari likaanza kula oili. Injini ile ina valvu tano kwa kila silinda. Silinda nane. Piga hesabu mwenyewe ni valvu ngapi zinazosubiri fundi.

Sevisi hiyo Marekani, dola 6,000 hadi 10,000 si jambo la kumshangaza mwenye F355. Aliyelipata gari kwa bei chee kwa sababu mwenye gari alikuwa ameikimbia sevisi hiyo, amenunua sevisi, na gari akapewa nyongeza.

Ndiyo maana nimeichagua 360 iwe mfano wetu, maana walioiunda waliwahurumia watu. Nyuma ya viti kuna kifuniko. Unakifungua ndani ya gari, na mikanda iko hapo mbele yako. Injini inabaki mahali pake, na gharama inashuka hadi dola elfu mbili, tatu, nne. Kisha F430 iliyokuja mwaka 2004 ikaachana na mpira kabisa ikatumia cheni. Kwa hiyo kuna wanaosema ongeza pesa uchukue F430 ulale usingizi. Hawajakosea sana, ila F430 nayo manifoldi yake ya ekzosi ina sifa ya kupasuka, kwa hiyo usingizi wenyewe ni wa jicho moja.

Tuje kwenye klachi. 360 nyingi zilizopo sokoni zina gia wanazoziita F1, teknolojia iliyoanzia kwenye F355 mwaka 1997. Hakuna pedali ya klachi. Kuna vibao viwili nyuma ya usukani, cha kulia kupandisha gia, cha kushoto kuishusha. Mtu akiona pedali mbili anafikiri hii ni otomatiki, anaiendesha anavyoiendesha Toyota Harrier. Hapo ndipo anapoiua. Ndani mle mna giaboksi ya mkono ya kawaida na klachi kavu moja, kazi ya mguu wako imekabidhiwa pampu ya haidroliki na kompyuta. Otomatiki ya kawaida inaweza kujikokota kwenye foleni kutwa nzima bila kulalamika. Hii ukiikokota, klachi inasagika na kuungua. Ukirudi nyuma ukipanda kilima, inaungua zaidi. Ukimkabidhi ufunguo kijana wa kuegesha magari hotelini, ambaye hajawahi kuiendesha, akaiingiza kwenye nafasi finyu kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara sita, umeshamlipa bakshishi kubwa kuliko unavyojua.

Kuna watu wameimaliza klachi ya 360 kabla ya kilomita 15,000, na kuna waliofika 40,000 na bado inavuta. Tofauti ni dereva na barabara. Uzuri mmoja ni kwamba kompyuta ya gari inaweka kumbukumbu ya uchakavu wa klachi kwa asilimia, na fundi mwenye mashine ya kupimia anaisoma kwa dakika chache. Muuzaji akikuambia klachi bado mpya kabisa, mwombe karatasi ya kipimo hicho. Klachi mpya na kazi yake ni dola elfu kadhaa. Na kwa taarifa yako, zile 360 zenye gia za mkono, ambazo zamani watu walizipita, leo zina bei ya juu zaidi. Sababu mojawapo ni raha ya kuzichomeka mwenyewe, na sababu nyingine ni kwamba pampu isiyokuwepo haiharibiki.

Nimesema mambo makubwa. Acha niseme dogo moja ambalo watu wa Ghuba na Pwani watalielewa haraka. Ferrari za miaka ile, pamoja na Maserati za ndugu zake, swichi zake za ndani zilipakwa utando laini ili ukizigusa usihisi plastiki. Miaka ikapita, joto likaingia, utando ule ukaanza kuyeyuka. Leo unakaa kwenye gari la ndoto yako, unabonyeza swichi ya dirisha, kidole kinatoka kinanata utafikiri umemega halua ya Maskati. Unajaribu kuifuta, na alama za vidole zinabaki. Ukitumia dawa kali, maandishi ya swichi yanafutika, hujui tena ipi ya taa na ipi ya kioo. Kuna mafundi Ulaya na Marekani ambao kazi yao ni hiyo tu: unawatumia swichi kwa posta, wanaukwangua utando, wanazipaka upya, wanakurudishia. Wanakula vizuri. Unaweza pia kununua swichi mpya kiwandani, ila ukiambiwa bei utarudi kuipenda ile ya kunata.

Sasa kuna jambo ambalo wanunuzi wapya wanalielewa kinyume. Wakiona gari la mwaka 2001 lenye kilomita 9,000 tu wanaruka: halikutumika! Ndiyo, halikutumika, na hiyo ndiyo shida. Gari lililolala miaka mingi, mipira ya kuzuia mafuta inakauka na kuanza kuvuja siku ya kwanza ya safari. Petroli ndani ya tangi inachacha, betri inakufa, na umeme wa magari haya ukipungua kidogo, dashibodi inawaka taa za kila rangi na kompyuta zinaanza kubishana. Wenye kujua wanaiacha imechomekwa kwenye chaja ndogo ya kutunza betri kila inapokaa. Mimi nikiwekewa 360 mbili, moja ya kilomita 9,000 isiyo na historia, nyingine ya kilomita 60,000 yenye faili la risiti la kila mwaka, naichukua ya pili bila kuuliza.

Lakini soko linafikiri vingine, na hapo pana kichekesho chake. Kila kilomita unayoiongeza inapunguza bei ya kuliuza. Kwa hiyo utawakuta watu wanaolipia bima, banda na sevisi, halafu wanaogopa kuliendesha wasije wakaliharibia namba. Gari liliundwa kukimbia karibu kilomita 300 kwa saa, mwenyewe analipeleka kupata kahawa Jumapili asubuhi na kulirudisha kabla jua halijakuwa kali.

Hata matairi yanasema ukweli kuliko muuzaji. Inama, tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mstari mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne. Ikiwa ni 3214, tairi hilo limetoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2014. Meno yake yanaweza kuwa mazuri kabisa, mpira wake umeshakuwa mgumu, na mpira mgumu nyuma ya farasi 400 kwenye barabara yenye unyevu ni mazishi yanayotafuta siku. Na zaidi ya usalama, matairi ya zamani kwenye gari la bei mbaya yanakueleza habari za mfuko wa mwenyewe. Mtu aliyebania matairi, unadhani mkanda wa taimingi aliukumbuka?

Kwa wenzetu mlioko Imarati, kuna la kwenu peke yenu. Mnajua magari yanatajwa kwa asili yake: hili ni la GCC, yaani liliuzwa likiwa jipya huku huku Ghuba, na hili ni la Kimarekani. La Kimarekani mara nyingi ni rahisi zaidi. Mengi yake ni mazima. Mengine yalipata ajali au yaliingiliwa na maji ya mafuriko, kampuni ya bima ikayaandikia hasara, yakauzwa mnadani, yakapakiwa kwenye kontena, yakanyooshwa upande huu wa bahari. Kwa gari la chuma la kawaida, fundi bodi mzuri anaweza kulirudisha kwenye mstari. 360 fremu yake ni ya aluminiamu, ambayo Ferrari waliibuni pamoja na kampuni ya Alcoa ya Marekani. Aluminiamu haipigwi nyundo na kupakwa puti ikanyamaza. Inahitaji vifaa vyake na fundi aliyeisomea, na kama ilinyooshwa kienyeji, utaijua siku unapofunga breki kwa nguvu na gari likachagua njia yake. Rahisi ghali, walishasema.

Na wale wanaouliza kama wanaweza kuileta nyumbani? Kenya jibu ni fupi. Gari la mtumba linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka minane, na usukani uwe kulia. 360 imeshapita umri huo zamani, na ya Dubai usukani wake uko kushoto. Tanzania haikufungii mlango kwa umri, ila gari kuukuu linaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote, na injini kubwa nayo ina chake. Kuna aliyewahi kuniambia: basi nitaagiza Japani, kule usukani ni kulia. Aangalie vizuri. Wajapani wenye magari ya Ulaya ya kifahari walipenda sana usukani wa kushoto, ulikuwa ndiyo alama kwamba gari ni la ng'ambo kweli. Ferrari nyingi za Japani ziko hivyo.

Tuseme umepita yote hayo, gari liko Dar es Salaam, limefungwa namba. Utalipitisha wapi? Tumbo la 360 liko karibu na lami, na pua yake ni ndefu mbele ya matairi. Matuta yetu hayajengwi kwa kipimo, yanajengwa kwa hasira. Lamborghini Gallardo iliuzwa na nyongeza ya kunyanyua pua kwa kubonyeza swichi, 360 haikutoka nayo kiwandani. Kuna mashimo, kuna mchanga, kuna bodaboda atakayeegemea bodi yako ya aluminiamu akipiga picha. Na ukiwa na gari la aina yake peke yake mjini, fundi wako anajifunzia kwenye gari lako, kwa pesa zako. Kila gasketi inakuja kwa ndege na kupita forodha, na ikija siyo, inarudi ilikotoka na wewe unarudi kwenye daladala.

Viti ni viwili. Buti liko mbele, linabeba begi mbili laini, na nyuma ya viti kuna sehemu ambapo Wazungu huweka mfuko wa gofu. Kumpeleka shangazi uwanja wa ndege na masanduku yake, sahau. Shangazi mwenyewe kuingia ataingia, akitaka kutoka itabidi muitane.

Haya, twende kwenye hesabu. Ni makadirio yangu, kwa mtu anayeishi Ulaya, Marekani au Ghuba, mahali penye mafundi, anayeendesha kilomita 5,000 kwa mwaka. Sevisi ya kawaida ya mwaka, dola 1,800. Mikanda ukiigawa kwa miaka mitatu, dola 1,000 kwa mwaka. Klachi ukiigawa kwa miaka mitano, dola 1,000 nyingine. Matairi, 600. Bima, tuseme 2,000, ingawa kwa kijana chini ya miaka 25 weka mara mbili au usahau. Kisha tenga dola 1,500 za lile litakaloharibika, kwa sababu litaharibika. Umefika 7,900. Gawa kwa kilomita zako: zaidi ya dola moja na nusu kila kilomita, na petroli hujaitia bado, nayo ni lita moja kwa kila kilomita tano au sita. Hujaweka diski za breki. Hujaweka jiwe lililopasua kioo. Na mwaka mbaya, ule ambao pampu ya gia na klachi vinakufa pamoja, hesabu hii yote inapigwa teke.

Kwa maneno ya sokoni: kama bei ya gari ni dola 80,000 na wewe una dola 80,000, gari hilo hulimudu. Anayelimudu ni mwenye 80,000 za gari na nyingine kama 20,000 zilizolala benki bila kazi, ambazo zikiondoka kesho watoto bado watalipiwa ada.

Atatokea mtu aseme: lakini ni uwekezaji, Ferrari zinapanda bei. Zipo zinazopanda. Mwaka 2018 Ferrari 250 GTO ya miaka ya 60 iliuzwa kwenye mnada wa California kwa zaidi ya dola milioni 48. Gari hilo lina ndugu kama 36 tu duniani. 360 za aina zote ziliundwa zaidi ya 16,000. Halafu wazee wa biashara hii wanakumbuka mwaka 1988. Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni, alifariki mwezi Agosti mwaka huo, na bei zilizokuwa tayari zimeshapanda zikapaa. Watu wakakopa benki kununua Ferrari za kuuza mwezi ujao. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 90 soko likaporomoka, wakabaki na magari mazuri na madeni mabaya. 360 ya kawaida ilishuka mpaka karibu nusu ya bei yake ya dukani, kisha ikatulia. Kutulia huko ni neema tosha: gari jipya la kifahari linaweza kukupotezea dola 40,000 kwa miaka miwili likiwa limeegeshwa, 360 iliyotunzwa unaweza kuiuza karibu na ulivyoinunua. Ulichokila ni matunzo. Kwa mtazamo huo gari hili ni starehe ya gharama inayojulikana, na mtu mzima ana haki ya kuinunua starehe yake.

Na kama unataka starehe hiyo na usingizi? Honda NSX. Iliundwa Japani kuanzia 1990 hadi 2005, injini katikati, bodi yote ya aluminiamu, na Ayrton Senna mwenyewe, bingwa wa Formula One, alishirikishwa kuijaribu kabla haijaingia sokoni. Inawaka kila asubuhi, kiyoyozi kinafanya kazi, na fundi anayeijua Honda haogopi kuifungua boneti. Ubaya wake ni kwamba dunia imeshagundua, na bei yake sasa imepanda ikakaa meza moja na Ferrari. Gallardo nayo, kwa kuwa Lamborghini iko mikononi mwa Audi tangu 1998, ina vitu kadhaa vilivyotoka kwenye stoo ya Kijerumani, ila klachi ya gia zake za kubonyeza, e-gear, ina tabia zile zile nilizozieleza. Porsche 911 ya kuanzia 1997, ile ya kwanza kupozwa kwa maji, ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo unayoweza kwenda nayo kazini kila siku. Uliza habari za beringi ya shafti ya kati, iliyowavunjia wengi injini, na kama imeshabadilishwa uone risiti.

Mwisho kabisa, ukishaamua, usilipe kabla ya ukaguzi. Usimtumie fundi wa muuzaji, wala fundi wa rafiki wa muuzaji. Tafuta gereji ya kujitegemea inayojua aina hiyo, ulipe dola mia kadhaa wapime mgandamizo wa kila silinda na uvujaji wake, wasome klachi, wapime unene wa rangi paneli kwa paneli, waingie chini ya gari na tochi. Omba risiti ya mkanda yenye tarehe, kwa sababu muhuri kwenye kitabu cha sevisi unaweza kuchongwa mtaani. Hesabu funguo: 360 ilitoka na rimoti nyekundu ya kuprogramia alamu, ikipotea ni safari nyingine ya gharama. Kisha mwambie muuzaji unataka kuliona gari likiwa baridi, halijawashwa tangu jana, uliwashe mwenyewe. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi.

Na akikataa kulipandisha gari kwenye lifti, mshukuru kwa kahawa, uondoke.